Jumba la kabaila Roscommon: tuanzie kwenye paa au kwenye makaratasi?

SWALI: Nimezaliwa Lamu, na kabla ya kuhamia Ayalandi nilifanya kazi ya makumbusho. Sasa naishi kijiji kimoja cha kaunti ya Roscommon. Hapa pana jumba la miaka ya 1780 lililokuwa la familia iliyomiliki ardhi yote ya eneo hili. Wa mwisho wao aliondoka miaka ya 1950. Wenyewe wapya wanataka kulikarabati na kulifungua kwa watu, na kamati ya kijiji imenikabidhi upande wa historia. Yamepatikana masanduku mawili ya makaratasi, paa linavuja upande mmoja, na wapo wazee wanaosema waziwazi kwamba lingeachwa lianguke. Nianzie kwenye paa au kwenye makaratasi? Na je, tusubiri ukarabati uishe ndipo tualike watu?

JIBU: Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho maana jibu lake ni fupi: msisubiri. Ukarabati wa jumba la ukubwa huo hauishi, hupumzika tu fedha zinapokata. Itazame Castletown, kule Celbridge katika kaunti ya Kildare, iliyoanza kujengwa mwaka 1722 kwa ajili ya William Conolly, Spika wa Bunge la Ayalandi la wakati huo. Mwaka 1965 iliuzwa, ikakaa tupu miaka miwili, vioo vikavunjwa, na mabamba ya madini ya risasi yakang'olewa paani. Desmond Guinness akainunua mwaka 1967, watu wa kujitolea wakaingia na ndoo na brashi, na wageni wakaanza kutembezwa ndani kazi ikiwa haijafika popote. Leo iko mikononi mwa serikali na bado inadai matengenezo. Wangesubiri iishe, hakuna ambaye angeiona.

Sasa la kwanza. Unapouliza "paa au makaratasi" unachukulia kwamba hizi ni kazi mbili: mafundi wana yao, wewe una yako, mtakutana siku ya kufungua mlango. Wengi hupanga hivyo, na ndivyo nyumba nyingi zilivyokarabatiwa zikapendeza, kisha zikawa hazina la kusema. Ukuta, sakafu na ngazi za nyuma ni hati sawasawa na yale yaliyomo sandukuni, ila hizi hazina nakala. Fundi akizigusa kabla hujazisoma, historia imeshaondoka na toroli la kifusi. Kwa hiyo kazi ni moja, na wewe wa historia mahali pako ni juu ya jukwaa la ujenzi pamoja na mafundi.

Hata hivyo maji hayamngoji mwanahistoria. Gata zisafishwe, mabomba ya kushushia maji yazibuliwe, na pale palipotoboka pafunikwe kwa turubai au mabati juu ya kiunzi cha muda. Huko bado si kukarabati, ni kuzuia uharibifu usiendelee. Hatari kubwa ya mbao huko uliko si mchwa kama kwetu. Ni kuvu, hasa ile ambayo wataalamu huiita Serpula lacrymans. Hustawi kwenye mbao ambazo unyevu wake unazidi asilimia 20 hivi, na huweza kupenya nyuma ya lipu na katikati ya ukuta wa mawe ikitafuta ubao mwingine wa kula. Dawa yake ya kwanza ni ukavu na hewa. Akija mtu wa kampuni akataka kung'oa kila ubao wa chumba na kumwaga sumu, mwambieni angoje mpaka mhifadhi anayejua majengo ya kale apime unyevu. Mara nyingi nusu ya mbao hizo zinaokoka.

Na kabla hamjapanda darini, ulizeni habari za popo. Popo wote wa Ayalandi wanalindwa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 1976, na kuwasumbua kwenye makazi yao bila kibali ni kosa. Nimeona ratiba nzuri sana zikisogezwa msimu mzima kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwauliza wataalamu wa popo mapema.

Kuhusu ruhusa sitakaa sana. Jumba la namna hiyo karibu hakika limo katika orodha ya majengo yanayolindwa ya halmashauri ya kaunti, na ulinzi huo haukomei kwenye sura ya mbele. Unaingia ndani, na unafika kwenye mabanda na ua. Mwenye nyumba ana haki ya kuiandikia halmashauri na kuomba tamko la maandishi linaloeleza kazi zipi zinahitaji kibali na zipi hapana. Liombeni mapema, kisha mpatieni kila fundi nakala.

Nije kwenye kusoma nyumba yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza. Piga picha kila chumba, kila ukuta, kabla ya kitu chochote kuondolewa, na anzia nyuma. Sebuleni kila mtu ana adabu. Hakuna atakayetupa fremu ya marumaru ya mahali pa moto. Vinavyopotea ni vya watumishi: kengele na nyaya zake, misumari ya kutundikia makoti, rangi ya chokaa kwenye kuta za jikoni, hesabu ya magunia iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya mlango wa ghala. Mafundi wa zamani walizoea kukwaruza majina na tarehe kwenye mabamba ya risasi ya paani. Fundi wa leo akiyakunja akayauza kama chuma chakavu, hiyo ndiyo sahihi pekee ya mtu yule duniani. Karatasi za urembo ukutani hubandikwa tabaka juu ya tabaka, basi kata kipande katika kila chumba, uandike kimetoka wapi. Tazama pia ngazi. Ngazi kuu ya wageni mara nyingi iko kama ilivyojengwa, ilhali ile ya nyuma imelika katikati kwa miguu ya wabeba makaa, maji ya moto na vyungu vya usiku.

Hapohapo katika kaunti yako kuna nyumba ya kabaila iitwayo Strokestown Park, na nitairudia baadaye. Jiko lake lina roshani juu yake. Husimuliwa kwamba bibi mwenye nyumba alisimama pale na kudondosha karatasi ya milo ya wiki bila kushuka walipo wapishi. Mgeni akisimama chini ya roshani ile na kuinua macho, hahitaji ubao wa maelezo kuhusu matabaka ya watu.

Kuhusu chokaa, wewe wa Lamu huna haja ya kuhubiriwa. Kuta za jumba hilo ni za mawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na balaa linalozipata ni lilelile linalozipata nyumba za matumbawe za pwani: mtu anakuja na saruji, anaziba nyufa, ukuta unashindwa kupumua, unyevu unabaki ndani na lipu inabanduka kwa mapande. Kamati ikisita, wasimulie uliyoyaona kwenu. Tofauti iko kwenye majira. Chokaa mbichi ikipigwa na barafu inaharibika, kwa hiyo kazi za nje hufanywa kuanzia majira ya kuchipua hadi mwanzoni mwa vuli. Hiyo inakupa wewe majira yote ya baridi ya kushughulika na makaratasi.

Masanduku yale mawili yaandike orodha kama yalivyo, bila kuyapanga upya. Mpangilio aliouacha karani wa shamba ni habari pia: barua iliyokuwa ndani ya daftari la kodi inasema kitu ambacho haitasema ukiitenga. Tumia penseli, usitumie gundi wala selotepu, usimruhusu mtu "kuyahifadhi" kwa kuyafunika na plastiki kwenye mashine, na uyaweke mbali na ukuta wa nje. Halafu muombe mtunza nyaraka wa kaunti aje ayaone.

Ukisoma, kumbuka kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Daftari la kodi litakuambia fulani amelipa na fulani hakulipa. Halitakuambia fulani alikula nini. Ndiyo maana Strokestown ni mfano ninaopenda kuutumia. Mwaka 1979 jumba hilo na ardhi yake vilinunuliwa na Jim Callery, mwenye gereji mjini palepale, aliyehitaji nafasi kwa biashara yake ya malori. Ndani ya ofisi ya shamba alikuta makaratasi, na miongoni mwake ombi la Agosti 1846 kutoka kwa wakulima wa Cloonahee, wakimweleza mwenye ardhi kwamba viazi vimeoza, nafaka hawana, na hawawezi tena kuvumilia vilio vya watoto wao. Callery hakuvunja nyumba. Alibaki na samani zake, akabaki na hati zake zinazozidi 50,000, na mwaka 1994 Rais Mary Robinson akafungua Makumbusho ya Taifa ya Njaa Kuu, ile ya miaka ya 1840 viazi vilipooza, katika mabanda ya farasi ya jumba lilelile.

Hati hizo zinaeleza jambo ambalo familia yenyewe isingependa litundikwe ukutani. Mwaka 1847 Meja Denis Mahon, aliyerithi shamba lenye madeni mazito, alishauriwa na wakala wake kwamba kuwalipia wakulima nauli ya kwenda Kanada kungegharimu kidogo kuliko kuwalisha katika nyumba ya maskini. Watu 1,490 wakatembea kwa miguu kufuata mfereji wa Royal mpaka Dublin, safari ya kilomita 165 hivi, wakavushwa hadi Liverpool na kupakiwa melini kwenda Quebec. Wengi walikufa baharini au katika kisiwa cha karantini cha Grosse Île. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo Mahon alipigwa risasi barabarani akirudi nyumbani, akafa. Leo njia ile ya mfereji hutembelewa na watu wanaoanzia mlangoni pa makumbusho. Angalia kilichofanyika hapo: vyombo vya fedha na vitu vya kuchezea vya watoto wa kabaila viko upande mmoja wa ua, ombi la Cloonahee liko upande wa pili, na mgeni hawezi kuona kimoja akakikosa kingine. Huo ndio mpango ninaokushauri, hata kama mna vyumba vitatu tu vinavyoingilika.

Ushahidi wa nje ya nyumba utautafuta Dublin na mtandaoni. Utasikia kwamba "kila kitu kiliungua", na kweli tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma pale Four Courts iliteketea pamoja na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851. Lakini vipo vilivyobaki. Uthamini wa ardhi wa Griffith, wa kati ya 1847 na 1864, unataja kila mkuu wa kaya, aliyempangisha, na ukubwa wa shamba. Hati za mauziano na rehani zimesajiliwa tangu 1708. Sensa za 1901 na 1911 zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa; mtafute kila aliyelala jumbani usiku ule, uone alizaliwa wapi na dini yake. Katika nyumba nyingi utakuta mtunza nyumba na mnyweshaji wametoka Uingereza au Uskoti na ni Waprotestanti, na msichana wa kuosha vyombo ni Mkatoliki wa jirani. Ile ya 1911 iliwauliza pia wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi na wangapi bado hai. Nenda na takwimu hizo kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, hazihitaji maelezo.

Kisha chukua ramani mbili. Ayalandi yote ilipimwa kwa ramani ya inchi sita kwa maili kati ya miaka ya 1820 na 1840, kabla ya Njaa Kuu, na ikapimwa tena kwa ramani kubwa zaidi kuelekea mwisho wa karne. Ziweke moja juu ya nyingine. Utaona vijumba vilivyosongamana pembezoni mwa shamba kwenye ile ya kwanza, na kwenye ya pili majani matupu ya kulishia ng'ombe. Tembea mpaka pale na wazee. Mara nyingi mistari ya matuta ya viazi bado inaonekana jua likiwa chini.

Hilo linanifikisha kwa wazee wenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Usiwachukulie kama kikwazo cha kuzunguka. Kati ya 1920 na 1923 majumba kama hilo yapatayo 275 yalichomwa moto katika sehemu mbalimbali za nchi. Mengine yalivuliwa paa na wenyewe katikati ya karne ya 20 ili wakwepe kodi ya majengo. Kwa hiyo kusema "liache lianguke" si ukorofi wa mzee mmoja, ni msimamo wenye umri na sababu, na una haki ya kusikika ndani ya jumba lenyewe. Waendee kwanza hao, kabla ya wale wanaolipenda. Waombe kibali cha maandishi kabla ya kurekodi, na uwaambie sauti itatumika wapi.

Ila jihadhari na jambo moja ambalo mgeni halioni. Kabaila ameshaondoka, na kumsema hakumuumizi mtu kijijini. Kinachouma ni majirani: nani alichukua shamba la aliyefukuzwa, babu ya nani alikuwa msimamizi, familia gani ilimpeleka mwanawe kufanya kazi jumbani wakati wengine wamegoma. Mwaka 1880, jirani yenu kule Mayo, wakala wa shamba aitwaye Kapteni Charles Boycott alisuswa mpaka hakupata wa kumvunia, na jina lake likawa neno la Kiingereza la kususia. Kususwa kama huko kuliwapata pia watu wadogo waliochukua ardhi za waliofukuzwa, na wajukuu wao mnasali nao Jumapili. Kwa hiyo majina ya upande huo yabaki kwenye faili mpaka familia zenyewe zikubali. Kwa maneno ya watu wa kizazi kilichotangulia, fungua Mkusanyo wa Shule wa 1937 hadi 1939, ambapo watoto wa shule za msingi waliandika masimulizi ya wazee wao. Uko mtandaoni, umepangwa kwa shule, na habari za makabaila na za Njaa Kuu zimejaa humo. Yawezekana bibi ya mmoja wa wazee wako ndiye aliyeandika.

Utaambiwa pia mengi ya kufurahisha. Jumba lina madirisha 365: yahesabu. Kuna handaki la siri: kwa kawaida ni mtaro wa maji machafu, au njia iliyochimbwa ili wageni wasiwaone watumishi wakipita na kuni. Ukuta ulijengwa wakati wa njaa kwa ujira wa chakula: huenda, lakini karibu kila ukuta mrefu wa Ayalandi husemwa hivyo, basi tafuta malipo kwenye vitabu vya shamba kabla ya kuandika. Usiyafute masimulizi haya. Yaeleze kama yanavyosimuliwa, na useme ulichokikuta.

Uliza na fedha zilitoka wapi. Kodi ya wakulima haikuwa chemchemi pekee. Westport House, Mayo, ilikuwa ya ukoo wa Browne, uliopata mashamba ya miwa Jamaika kwa ndoa. Howe Peter Browne alikuwa gavana wa huko kuanzia 1834 hadi 1836, akawa upande wa kuwaachia huru watumwa ilhali mwenyewe akimiliki mashamba yaliyowatumikisha. Russborough, kule Wicklow, ilinunuliwa mwaka 1952 na Sir Alfred Beit, na michoro maarufu aliyokuja nayo ilitokana na utajiri ambao amiye, Alfred Beit mwingine, aliupata kwenye almasi za Afrika Kusini. Kwa hiyo lipitishe jina la familia ya jumba lenu kwenye hifadhidata ya University College London, UCL, inayoorodhesha waliolipwa fidia na Uingereza baada ya utumwa kufutwa. Huenda usipate kitu. Lakini wewe ndiye uliye kwenye kamati, na sidhani kuna mwingine hapo aliyefikiria kuuliza.

Kufungua mlango kuna faida ya fedha pia. Sheria ya kodi ya 1997, kifungu cha 482, humruhusu mwenye jengo lililoidhinishwa kutoa gharama za matengenezo kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, kwa sharti la kulifungua kwa umma angalau siku 60 kwa mwaka, 40 kati yake zikiwa kati ya tarehe 1 Mei na 30 Septemba. Wenyewe wazungumze na mhasibu kabla ya kuanza kazi. Kwa mara ya kwanza, tumieni Wiki ya Urithi ya Agosti: watu wachache wachache, kofia za ujenzi, upande unaovuja umefungwa kwa kamba. Fundi wa chokaa aeleze kazi yake mwenyewe, watu humpenda kuliko sisi wa vitabu. Waingizeni kwa mlango wa jikoni. Na chumba kimoja, chagueni chochote kilicho kikavu, kisikarabatiwe kabisa, ili tabaka zile za karatasi na rangi ziendelee kusomeka.

Hati za asili ni mali ya wenye nyumba, na hilo liandikwe leo wakati bado mnapatana: nani anaruhusu kunakili, nini kitatokea jumba likiuzwa tena. Picha zako na orodha ya makaratasi zitoe nakala tatu. Moja ibaki jumbani, ya pili ipeleke maktaba ya kaunti, na ya tatu iombee nafasi katika Hifadhi ya Usanifu ya Ayalandi, Merrion Square, Dublin, inayokusanya michoro na picha za majengo tangu 1976. Zipeleke kabla jukwaa halijasimamishwa.